Homoni ya kiume ni ngao ya ubongo, lakini si dawa ya uzee

WENGI wetu tunaamini kwamba kazi ya homoni za kiume inaishia kwenye ndevu, sauti nzito, misuli na uzazi. Hata hivyo, utafiti wa miongo ya karibuni umebainisha jukumu jingine lisilo dogo, nalo ni kulinda seli za ubongo.

Testosteroni, ambayo ndiyo kuu miongoni mwa homoni hizo, hutengenezwa hasa katika korodani kisha husafirishwa na damu hadi ubongoni. Humo hushikamana na vipokezi vilivyomo katika seli na kuzisaidia kujihami. Sehemu yake hugeuzwa kuwa estrojeni, homoni tuliyozoea kuihusisha na wanawake, ambayo pia huzikinga seli hizo.

Mnamo 2006, watafiti wa California, akiwemo Christian Pike wa Chuo Kikuu cha Southern California, walichunguza panya dume waliobadilishwa jeni ili wapatwe na dalili za maradhi ya Alzheimer, yale yanayowapokonya wazee kumbukumbu. Panya waliotolewa korodani walirundika ubongoni protini ya beta-amiloidi, ambayo ni alama kuu ya maradhi hayo, na kumbukumbu zao zikadhoofika. Wenzao waliotolewa korodani lakini wakapewa homoni ya kiume waliepushwa na madhara hayo.

Kwa upande wa binadamu, utafiti wa Baltimore, Marekani, uliochapishwa 2004 ulifuatilia wanaume 574 kwa wastani wa miaka 19. Waliokuwa na testosteroni nyingi zaidi iliyo huru damuni hawakuelekea kupatwa na Alzheimer kama wenzao. Isitoshe, upungufu ulionekana miaka kadhaa kabla ya ugonjwa kutambuliwa.

Je, kwa kuwa homoni hii hupungua kadiri umri unavyosonga, mbona wazee wasiongezewe?

Swali hilo lilijibiwa 2017. Wanaume 493 wa umri wa miaka 65 na zaidi, wenye testosteroni haba na kumbukumbu iliyoanza kufifia, walishiriki katika majaribio nchini Marekani. Baadhi walipakwa testosteroni halisi, wengine dawa bandia. Baada ya mwaka mmoja, kumbukumbu za makundi hayo mawili hazikutofautiana.

Hakuna kinaya hapa. Kuilinda seli iliyo hai ni jambo moja. Kuifufua iliyokwisha kufa ni jingine. Yamkini pia mwaka mmoja ni muda mfupi mno kupima kinga inayojengeka kwa miongo.

Zaidi ya hayo, kingi si lazima kiwe bora. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha mnamo 2006 kwamba testosteroni ikizidi kiwango cha kawaida, huzifanya seli za neva zijiangamize. Kilicho ngao kikiwa cha kiasi hugeuka sumu kikipita kiasi.

Haya yana uzito hapa kwetu, ambako matangazo ya dawa za kuongeza nguvu za kiume hubandikwa kwenye nguzo za stima na kuta za mijini. Mwanamume anayejidunga testosteroni bila kupimwa huenda akazima uwezo wa mwili wake kutengeneza mbegu za uzazi. Akiwa na saratani ya tezi dume asiyoijua, huenda akaichochea.

Kwa upande mwingine, wagonjwa wa saratani hiyo ambao matibabu yao hupunguza testosteroni wasiache dawa kwa kuhofia kusahau. Matokeo ya tafiti kuhusu hofu hiyo yanakinzana, ilhali hatari ya saratani iko wazi. Wamuulize daktari.

Kinga ni bora kuliko tiba, wahenga walinena. Testosteroni ya mwili wenyewe ni kinga. Ile ya chupa, kwa ubongo wa mzee, bado haijathibitika kuwa tiba.