Pete ya Jane Austen na bangili za wamama wetu

Mama anayetunga bangili za shanga kambini anaweza kumaliza siku nzima kwenye bangili moja, kisha mnunuzi akamshushia bei kana kwamba imetoka kwenye mashine. Wengi wanasema tutafute shanga nzuri zaidi. Mimi naona kinachokosekana ni jina na habari ya aliyeitengeneza.

Angalieni mfano huu wa Uingereza. Mwandishi wa riwaya Jane Austen alipofariki mwaka 1817, aliacha pete ndogo ya dhahabu yenye jiwe la feruzi. Dada yake Cassandra aliichukua, baadaye akampa shemeji yao Eleanor. Mwaka 1863 Eleanor naye akamwachia Caroline, binti wa ndugu yao, pamoja na barua fupi inayoeleza pete ilikuwa ya nani na ilimfikiaje. Familia ikatunza vyote viwili.

Mwaka 2012 pete hiyo iliuzwa mnadani kwa pauni zaidi ya 152,000. Aliyeinunua ni Kelly Clarkson, mwimbaji wa Marekani. Serikali ya Uingereza ikazuia kwa muda isitoke nchini, watu wakachanga pesa, na mwaka 2013 ikanunuliwa na makumbusho ya nyumba ya Austen, katika kijiji cha Chawton. Leo watu wananunua pete zilizotengenezwa kwa mfano wake, na mafundi wanapata kazi. Bila ile barua, nani angejua kwamba pete hii ni ya Jane?

Kuna atakayesema: huyo alikuwa maarufu, sisi nani anatujua? Ni kweli, hakuna atakayelipa pesa hizo kwa bangili ya kambini. Lakini Jane alipokuwa hai, vitabu vyake vilitoka bila jina lake. Cassandra alitunza pete kwa sababu ilikuwa ya dada yake.

Kwa hiyo, wamama na wadada mnaotengeneza, fungeni kikaratasi kwenye kila kazi yenu: jina lako, siku ulizotumia, na kijiji ulikotoka, kama ni salama kukitaja. Anayejua kuandika amsaidie asiyejua. Nanyi mnaonunua kwa wingi ili mkauze mjini au ng'ambo, msing'oe kile kikaratasi. Mkiking'oa, mnauza kazi ya mtu na kumficha mwenyewe.

Na familia zilizokimbia zikabaki na mkufu mmoja wa bibi: siwezi kuwaambia msiuze wakati watoto wana njaa. Ila kabla haujaondoka mkononi, waiteni watoto, waambieni nani aliuvaa, aliupata wapi, na siku gani aliupenda zaidi. Kama kuna kalamu, waandike.