Moses wa Shule ya Mukibi na Watoto wa Fedha

Mzazi wa mtaa wa Fedha, hapa Nairobi, aingiapo duka la vitabu, aghalabu swali lake la kwanza huwa ni kama kitabu alichokishika kimo katika orodha ya shule, na la pili ni kama kitamfaa mtoto katika mtihani. Na akijibiwa kwamba hakimo, wala hakifai kwa mtihani wowote, ila kinachekesha tu, hukirudisha rafuni kwa taadhima na kuomba aonyeshwe kitabu cha marudio. Simlaumu. Tangu sheria ya kodi ya mwaka 2013 ilipovitoza vitabu VAT ya asilimia 16, mwenye watoto watatu hana budi kuhesabu shilingi zake. Na ijapokuwa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, hofu yake haikuondoka nayo, bali imerithiwa na KPSEA, tathmini ya Gredi ya Sita. Mtoto huchukuliwa na gari la shule alfajiri, hurudi jioni na mkoba uliomlemea mabega, na Jumamosi hupelekwa masomo ya ziada. Katika ratiba ya namna hii kitabu cha kuchekesha huhesabiwa kuwa ni anasa.

Nami nataka kuitetea anasa hiyo kwa kutaja mfano wake ulio bora kuliko yote niijuayo katika Afrika Mashariki, nao ni mfululizo wa vitabu vya Moses, vilivyotungwa na marehemu Bi Barbara Kimenye na kuanza kutolewa na Oxford University Press hapa hapa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1960. Ni vitabu vyembamba, vya sura fupi fupi, ambavyo mtoto wa miaka tisa au kumi aweza kukimaliza kimoja kwa siku mbili bila kusukumwa, kisha akauliza kingine kiko wapi. Na swali hilo, ambalo hakuna mtoto aliyepata kuliuliza baada ya kumaliza kitabu cha marudio, ndilo linalofanya mfululizo uwe na faida isiyopatikana katika hadithi moja pekee.

Shule anayosoma Moses ni ya bweni, iko Uganda, na jina lake ni refu kuliko sifa zake: Taasisi ya Elimu ya Mukibi kwa Wana wa Waungwana wa Kiafrika. Uungwana wenyewe ni wa jina tu. Wavulana walio humo ni wale ambao shule nyingine zimechoka nao, na Bwana Mukibi mwenye shule, ambaye ndiye pia mwalimu mkuu, huwapokea maadamu karo inalipwa. Humo mna Moses, ambaye nia zake aghalabu ni njema na matokeo yake aghalabu ni msiba, na mna rafiki yake aitwaye King Kong. Na kutokana na umbali uliopo baina ya fahari ya lile jina na udhalili wa mambo yenyewe, Bi Kimenye alichota kicheko ambacho hakikumwishia, kitabu baada ya kitabu.

Jicho la kuuona umbali huo hakulipata kwa bahati. Alizaliwa Halifax, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1929, akaenda London kusomea uuguzi, akaolewa na kijana wa Bukoba, na katika miaka ya 1950 akamfuata mumewe hadi ufuoni mwa Ziwa Viktoria. Ndoa ilipovunjika alihamia Kampala, akafanya kazi katika serikali ya Kabaka Mutesa wa Pili, mfalme wa Buganda, akaingia katika uandishi wa habari, na mwaka 1965 akaja Nairobi kuliandikia gazeti la Daily Nation. Mtu aliyepita katika nyumba ya mfalme na katika chumba cha habari ameona mengi jinsi wakubwa wanavyojitutumua, na hapana shaka Bwana Mukibi ana mengi ya kuwashukuru wakubwa hao. Bi Kimenye alijihesabu kuwa Mganda hadi alipofariki London mwaka 2012.

Najua pingamizi litakalotolewa, nalo hutolewa kwa nia safi: kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu ya kutosha, na kitabu kinachomfanyia dhihaka mwalimu mkuu kitawaongezea ujuvi. Wasemao hivyo wamesahau malezi yao wenyewe. Sisi tuliolala tukisimuliwa hekaya za Abunuwasi, ambaye hakumwacha tajiri, wala kadhi, wala sultani mwenyewe pasipo kumwaibisha, hatukuamka asubuhi tukawatukana wazee wetu. Tuliamka tukijua kwamba mkubwa naye aweza kukosea, na kwamba mnyonge mwenye akili hakosi njia. Kinachomchosha mtoto, na kwa maoni yangu ndicho kinachomfukuza vitabuni, ni ile hadithi ambayo kila mtukutu humo huvunjika mguu ukurasa wa mwisho ili msomaji atanabahi. Mtoto huiona ibra hiyo tangu ukurasa wa pili. Bi Kimenye hakumvizia msomaji wake hivyo, na wala hakumdharau.

Aibu ya vitabu hivi, kwani vina aibu, ni kwamba shule ya Mukibi ni ya wavulana peke yao, hivyo binti hana pa kujiona isipokuwa kwa kupenya katika viatu vya kaka yake. Fauka ya hayo, ni vitabu vya zama za kiboko, na mzazi atalazimika kueleza mawili matatu. Tena vimeandikwa kwa Kiingereza. Hilo la mwisho halinitishi sana, kwa kuwa mtoto wa Fedha husoma Kiingereza darasani, huzungumza Sheng kwenye maegesho ya magari ambayo ndiyo uwanja wake wa mpira, na Kiswahili hukipata nyumbani kwa kiasi ambacho wazazi wake wanakipenda. Basi na avisome kwa Kiingereza, kisha jioni, mezani, aombwe kuwasimulia wenziwe kwa Kiswahili yaliyompata Moses. Kichekesho hakivuki lugha kwa urahisi, na jitihada ya kukivusha ni zoezi ambalo mwalimu wa insha angelionea wivu.

Aanze na kitabu cha kwanza, kiitwacho Moses bila zaidi, kisha Moses and the Kidnappers au Moses in Trouble, kwa mpango wowote aupendao. Mzazi asiyetaka bei ya dukani na awaulize wauza vitabu vikuukuu mjini, au ampeleke mtoto maktaba akatazame: ipo ya Buruburu, na yapo matawi ya Maktaba ya McMillan ya Kaloleni na Makadara, ambayo shirika la Book Bunk limeyafufua kwa kazi ya kusifika.

Lakini laiti wachapishaji wetu wa Kiswahili, ambao mpaka sasa wamevielekeza vipaji vyao vingi katika kuzitimiza orodha za wizara, wangemwita mtunzi mmoja mcheshi wakamwambia atunge vitabu vinane, wala asifundishe kitu, juu ya shule moja ya Eastlands. Ningependa iwe ya kutwa, iwe na wasichana wasiokubali kushindwa, iwe na jina lisiloenea kwenye ubao wa langoni, na mwalimu mkuu wake awe na gari ambalo kila asubuhi husukumwa na Gredi ya Sita nzima.