FIRDAUS ASIMAME PEKE YAKE JUKWAANI

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu uigizaji wa kitabu cha Nawal El Saadawi wa Misri, kinachojulikana kwa Kiingereza kama Woman at Point Zero. Kilitolewa kwa Kiarabu mwaka 1975. Ni kitabu kifupi, na karibu chote ni maneno ya mwanamke mmoja, Firdaus, akimsimulia daktari maisha yake katika gereza la Qanatir kabla ya kunyongwa.

Wapo wasemao mchezo wa mtu mmoja hauna utamu, eti lazima wanaume wa Firdaus nao waonekane. Sikubaliani nao. Wanaume hao walimsemea maisha yake yote. Jukwaani waache aseme yeye.

Lakini nawasihi waigizaji wasikimbilie danguro na kisu. Waanze na cheti. Firdaus alifaulu mtihani wa sekondari, akawa wa pili shuleni kwake na wa saba nchi nzima. Ami yake, msomi wa Al-Azhar, hakumpeleka chuo kikuu. Kwa shauri la mkewe alimwoza Sheikh Mahmoud, mzee aliyepita miaka sitini, ili mahari ipatikane. Binti alipopigwa akakimbilia kwa ami, aliambiwa waume wote hupiga, akarudishwa.

Tangu hapo kila anayempokea anamnyonya. Bayoumi mwenye mkahawa anamfungia ndani. Sharifa, mwanamke mwenzake, anachuma fedha kwa mwili wake. Marzouk naye anadai fungu lake. Mtazamaji akiyafuata haya kwa mpangilio ataona kwamba unyonyaji huu haukuanzia barabarani. Ulianzia nyumbani, kwa jamaa waliokuwa wakihesabu mahari.

Wengine watasema mchezo huu unafundisha kuua, kwa kuwa Firdaus alimchoma Marzouk kisu. Si kweli. Firdaus anakwenda kunyongwa, na hata barua ya kumwomba Rais msamaha alikataa kuitia saini. Mchezo unatutaka tujiulize ni nani waliomfungia milango mingine yote.

Mwandishi mwenyewe alitiwa katika gereza hilohilo mwaka 1981, wakati wa Rais Sadat. Hakunyamaza mpaka alipofariki mwaka 2021. Basi wasanii wetu wasione haya kuicheza hadithi hii, na wazazi wenye mabinti waende kuitazama.

Mpenzi wa Michezo ya Kuigiza,
Morogoro.