Magoti yakigongana jukwaani

Mwezi huu naomba wapenzi na wachumba mtuvumilie kidogo, kesi zenu za simu kuzimwa usiku zitasubiri. Nimeletewa ujumbe na binti wa kidato cha tatu, shule ya kata, mkoani Morogoro. Kachaguliwa kuiwakilisha shule yake kwenye mashindano ya kutoa hotuba kwa Kiingereza, ngazi ya wilaya, na zimebaki wiki tatu. Anasema usiku halali. Akifumba macho anauona ukumbi mzima unamcheka, na ameshapanga siku ya siku aseme anaumwa tumbo. Anamalizia hivi: "Dada, mwaka jana nilitamka neno vibaya paredi, mpaka leo wananiita kwa neno hilo. Nikatae?"

Mdogo wangu, usikatae.

Kwanza tuelewane kuhusu hilo tumbo. Wala huna haja ya kudanganya, linaweza kuuma kweli! Mwili ukihisi hatari hauulizi kama ni simba au ni majaji watatu wenye kalamu. Tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu, moyo unaenda mbio, viganja vinalowa, mate yanakauka, magoti yanagongana. Ndiyo maana ulimi unakuwa mzito kama umelamba chokaa. Huo si ugonjwa, na wala hujarogwa na shule ya jirani (najua kuna atakayekunong'oneza hivyo).

Lakini nikisoma ujumbe wako vizuri, naona kinachokutesa hasa ni ung'eng'e. Na hapa nina hasira kidogo. Mtoto anasoma shule ya msingi miaka yote kwa Kiswahili, akiingia sekondari masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza, halafu akikosea neno moja darasa linaangua kicheko, na wakati mwingine mwalimu naye yumo. Jamani walimu, hivi mnategemea nani atanyoosha mkono tena? Ukiwachunguza hao wanaocheka, wengi ni walewale ambao hawajawahi kuthubutu kusimama. Wanacheka ili zamu isiwafikie.

Dawa yake inaanzia kwenye karatasi. Shule nyingi mwalimu ndiye anayeandika hotuba, anajaza maneno marefu kama treni ya TAZARA, mtoto anakariri kama kasuku. Likiponyoka neno moja tu, mabehewa yote yanaanguka. Andika mwenyewe, kwa maneno ambayo ungeyatumia ukiongea na rafiki yako, kisha muombe mwalimu akusahihishe. Neno linalokukwama mdomoni litoe, tafuta jingine lenye maana hiyo. Ila lile la paredi ningekushauri ulibakize kama linaingia kwenye mada. Jifunze matamshi yake, litamke mara ishirini kwa siku ukiwa unaosha vyombo, uone kama bado litakuwa na nguvu juu yako.

Halafu usikariri kila kitu. Shika kwa moyo sentensi mbili za mwanzo na moja ya mwisho. Katikati, beba hoja tatu au nne kwenye vikadi vidogo, hata vya jalada la daftari la zamani. Karatasi kubwa ni msaliti, mkono ukitetemeka yenyewe inapiga kelele mpaka mstari wa nyuma wanasikia.

Ukidhani uko peke yako, msikilize mwanasheria mmoja kijana wa Kihindi. Alirudi kwao kutoka London akiwa amefuzu uanasheria, akasimama mahakamani Bombay kwenye kesi yake ya kwanza, kichwa kikamzunguka, swali moja likamshinda kuuliza. Akakaa chini, kesi akamwachia mwenzake. Huyo ni Mahatma Gandhi, na kisa hiki kakieleza mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake. Mwaka 1893 alipanda meli kwenda Afrika Kusini, ikapitia Lamu, Mombasa na Zanzibar. Alipofika Pretoria akawaita Wahindi wenzake mkutanoni, wengi wao wafanyabiashara, akawahutubia kuhusu ukweli katika biashara. Mwenyewe anaihesabu kuwa hotuba yake ya kwanza ya hadhara, na anasema alikwenda akiwa ameiandaa mada yake. Aibu yake haikwisha kwa siku moja, lakini alikuwa na jambo la kusema. Wewe una lako?

Kuna na habari njema kutoka kwa wataalamu. Mwaka 2003 Wamarekani wawili, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa mzungumzaji anadhani woga wake unaonekana kuliko unavyoonekana kwa wasikilizaji. Waliodokezwa jambo hilo kabla walihutubia vizuri zaidi. Sasa na wewe nimekudokeza. Mwingine, Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 2014 alionyesha kwamba waliojiambia wana msisimko walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Kwa Kiswahili cha mtaani, usijiambie "tulia", jiambie "nina mzuka". Moyo ni uleule unaodunda, umeupa tu kazi nyingine.

Mazoezi fanya kwa sauti, umesimama, saa ikiwa mbele yako, maana majaji wengi wanakata alama ukipitiliza muda. Anza na kuku wa uani, hawana maringo. Nenda kwa wadogo zako, kisha kwa marafiki wawili, kisha omba nafasi paredi. Ndiyo, paredi hiyohiyo.

Mama na baba mnaosoma hapa, mtoto akiomba ahutubie sebuleni, zimeni runinga mkae. Msimkatize kila sentensi na msimfananishe na binti wa jirani. Hata kama Kiingereza hamkijui, mtamwambia kama sauti inasikika na kama anawatazama machoni, na hiyo ni alama pia.

Wavulana nao nisiwasahau. Enzi za viroba, kabla havijapigwa marufuku mwaka 2017, wapo waliokuwa wakigonga kimoja nyuma ya choo eti kutoa aibu. Pombe inatoa aibu pamoja na hoja zako zote. Acha kabisa.

Siku yenyewe fika mapema, panda jukwaani ukumbi ukiwa mtupu, ujue ngazi ziko wapi na maiki inapaza sauti kiasi gani. Kunywa maji, soda iache, hutaki kubeua mbele ya mgeni rasmi. Zamu ikikaribia vuta pumzi taratibu ukihesabu nne, itoe ukihesabu sita, rudia mara tano. Ukishasimama usianze papo hapo. Chagua uso mmoja kushoto, mmoja katikati, mmoja kulia, watazame, ndipo usalimie. Ukisahau, rudia sentensi ya mwisho uliyosema, mara nyingi inayofuata huja yenyewe. Kimya cha sekunde tatu kwako kitakuwa kama mwaka, kwao ni msisitizo. Na wakicheka, nyamaza, waache wamalize, muda ni wako si wao, kisha endelea pale pale ulipoachia.

Matokeo niletee, hata ukishika mkia.