Toboa Ukuta, Wacha Kubana Kebo Dirishani

Wasee wa redio, nimechoka kuona hii mambo. Mtu amehangaika akapata leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, ana alama yake ya 5Z4, ana redio ya pesa refu. Halafu kebo ya antena inaingia nyumbani kupitia dirishani, imebanwa na fremu ya chuma kama mkia wa panya.

Sijifanyi mjuaji, hata mimi niliishi hivyo. Ile kebo nene nyeusi ina omu 50 kwa sababu nafasi kati ya waya wa katikati na wavu wa nje imepimwa. Ukiifinya, hiyo nafasi inaharibika, na nguvu inaanza kurudi kwa redio badala ya kwenda hewani. Hiyo ningevumilia. Lakini mvua ya Aprili ilifuata kebo kutoka paani, ikapita dirishani, ikashuka moja kwa moja hadi kwa ekstensheni iliyokuwa sakafuni. Cheche, giza, harufu ya plastiki imeungua. Dadangu mdogo alikuwa amesimama hapo hapo, miguu mitupu, dakika mbili kabla.

Landlodi naye hakutaka kusikia. "Kijana, hii nyumba si ya kutobolewa." Sawa mzee, lakini angalia huo ukuta wako! Dishi la TV lina tundu, faiba ina tundu. Langu la milimita 12 ndilo litaangusha ghorofa?

Eti 12 tu, na kichwa cha kebo ni karibu 19? Ndio. Pitisha kebo ikiwa uchi, kichwa utafunga baadaye. Anza kutoboa ukiwa ndani, drili ikiinama kidogo kuelekea nje, ndiyo maji yakijaribu kuingia yarudi yalikotoka. Mawe yetu ni ya inchi 6 au 9, kwa hivyo beba biti ndefu. Na usitoboe juu wala chini ya soketi ama swichi, waya za stima hupita humo. Huko nje, acha kebo ishuke chini ya tundu kwanza, halafu ipande kuingia. Matone yatadondoka kwenye hilo tumbo. Maliza na silikoni.

Radi ndiyo inanifanya nigombane na watu. Mtu wa Kisii ama Kakamega hahitaji kuelezwa. Kizuia radi kikae nje, kabla kebo haijaingia, kimefungwa kwa nondo ya shaba iliyozikwa ardhini, na hiyo nondo iunganishwe na athi ya nyumba. Hata hivyo, wingu likikaa vibaya mimi huchomoa kebo na kuitupa nje. Kuna wasee hunicheka. Wacheke tu.

Mwishowe niliandikia landlodi karatasi kwamba nikihama nitaziba tundu kwa simiti na kupaka rangi. Alisoma mara mbili, akaangalia ukuta, akatia sahihi. Sharti lake lilikuwa moja: nizibe na lile la faiba pia.