Tulipe Kiingilio, Tununue Vyombo

Wenzangu wa Dar es Salaam, na ninyi wa Morogoro, Tanga, Tabora na kila mji uliowahi kujivunia bendi yake, nina maombi mawili. La kwanza: kila mwenye uwezo wa kukaa baa na kuagiza kinywaji aende walau mara moja kwa mwezi kusikiliza bendi inayopiga laivu, na alipe mlangoni. La pili: tuunde katika mitaa yetu vyama vya kumiliki vyombo vya muziki, kama walivyofanya babu zetu enzi za mkoloni. Ombi la kwanza bila la pili litatupa burudani ya miaka michache tu, na la pili bila la kwanza litajaza stoo magitaa yasiyo na wa kuyasikiliza.

Husemwa kwamba Bongo Fleva ndiyo iliyoua bendi. Mimi napiga gitaa la ridhimu katika bendi ndogo ya wikiendi, na nimeyasikia maneno hayo kwa wanamuziki wenzangu mara nyingi mno. Siyakubali. Vijana walitengeneza muziki wao kwa nyenzo walizokuwa nazo, yaani kompyuta na maiki moja. Magitaa hayakuwepo mikononi mwao kwa sababu mwenye magitaa alikuwa ameshaondoka.

Tukumbuke mwenye magitaa alikuwa nani. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika jina bendi nayo ikabadilika, ikawa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park, yaani Sikinde, ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Jeshi lilikuwa na Mwenge Jazz, JKT ilikuwa na Kimulimuli, polisi walikuwa na Polisi Jazz, wanaushirika walikuwa na Washirika Tanzania Stars. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Alipokea mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri wake. Mashirika yalipoyumba, mengine yakauzwa na mengine yakafa, bendi zikabaki na majina makubwa na spika zilizochanika. Kuanzia hapo mpigaji wa Dar es Salaam akawa mtu wa kukodi vyombo, na anayekodi vyombo humlipa mwenye vyombo kabla ya kujilipa mwenyewe.

Mfumo ule hatutaurudisha, na mimi siuombi urudi. Ulikuwa na wema wake, lakini uhai wa bendi ulitegemea bajeti ya ofisi ambayo haikuwa na habari na muziki. Ninachokiomba ni kile kilichokuwepo kabla yake. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932. Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944. Baadaye zikaja Western Jazz ya watu waliotoka Jimbo la Magharibi, Kilwa Jazz ya watu wa Kilwa, na nyingine za watu wa Rufiji na Ulanga waliokutana hapa mjini. Zile zilikuwa klabu. Zilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Wanachama walichanga, vyombo vikawa vya chama, na wapigaji wengi walikuwa na kazi nyingine za mchana. Katika utaratibu huo wa watu wa kawaida kuchangishana ndimo ulimojengwa msingi wa muziki wa dansi. Mwaka 1970 Morogoro Jazz, ikiwa na Mbaraka Mwinshehe, ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha nchi kwenye maonyesho ya kimataifa ya Expo. Bendi ya mji mdogo chini ya milima ya Uluguru ilifika huko.

Anayedhani vyama vya namna hiyo havidumu avuke bahari aende Unguja. Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu mwaka 1905. Culture Musical Club ipo tangu mwaka 1958. Serikali zimebadilika, mapinduzi yamepita, kaseti zimekuja na kuondoka, na vikundi hivyo bado vinapiga taarabu kwa sababu vina wanachama. Visiwani huko huko lipo tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, ambalo jukwaa lake ni la laivu tu, na watu husafiri kutoka mabara mengine kulihudhuria. Kipo pia chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichoanza mwaka 2002 na kufundisha udi, ganuni, fidla na ngoma kwa watoto wa pale pale. Mwaka 2019 chuo hicho kilikaribia kufunga milango kwa kukosa fedha za wafadhili. Tukio lile lingepaswa kutuamsha sote: kitu tunachokipenda tumewaachia wageni walipe, na mgeni akichoka tunashangaa.

Ningependa asiyewahi kukaa karibu na bendi inayotunga aelewe tunachokipoteza, maana kinapotea kimya kimya. Zamani wimbo haukuanzia studio. Mtunzi alikuja mazoezini na mashairi na sauti yake tu. Ridhimu akatafuta njia ya kuyabeba maneno, solo la pili likajibu katikati ya mistari, besi ikaamua mahali pa kukanyaga na mahali pa kunyamaza. Wapuliza midomo ya bata, yaani saksafoni, wakapewa nafasi yao baada ya ubeti wa pili au wa tatu. Sehemu ya kwanza ilikuwa hadithi, watu walicheza taratibu huku wakisikiliza nani kamkosea nani. Kisha wimbo ukapanda, mashairi yakaisha, magitaa yakaingia kwenye chemko na ukumbi mzima ukasimama. Kama ukumbi haukusimama, wimbo ulirudi mazoezini. Wachezaji ndio waliokuwa wahakiki. Uamuzi wao ulionekana miguuni, usiku ule ule, na hakuna mpigaji aliyeweza kubishana nao. Wimbo uliofika studio za Redio Tanzania (RTD) pale Barabara ya Pugu ulikuwa umeshatahiniwa na mamia ya watu, wengine wakiwa tayari wanaujua kwa moyo. Ndiyo maana nyimbo zile bado zinapigwa kwenye vipindi vya zilipendwa, na mtoto aliyezaliwa juzi anaitikia.

Leo kijana mwenye sauti nzuri hurekodi kwanza, kisha hukutana na watu. Akipanda jukwaani anaimba juu ya wimbo wake mwenyewe unaotoka kwenye kompyuta. Ukumbi ukichangamka hawezi kuongeza dakika tatu, ukipoa hawezi kubadili kitu. Wengi wao wanatamani bendi, nimewasikia wakisema. Wakiulizia gharama wanakata tamaa.

Hapo tufike kwenye fedha, kwa sababu ndiko mambo yanakokwama. Utaratibu wa zamani ulikuwa rahisi: mwenye ukumbi alichukua mauzo ya vinywaji, bendi ilichukua kiingilio. Watu wakijaa wote wawili walifaidika. Siku hizi baa nyingi hutangaza kiingilio bure na kuilipa bendi fungu dogo lisilobadilika, wawepo watu 30 au 300. Tumewahi kupiga mahali palipojaa hadi viti vikaazimwa jirani, na mwisho wa usiku mwenye baa akatupa nusu ya tulichopatana, akisema biashara ilikuwa ngumu. Hakuna mwanamuziki wa mji huu asiye na kisa kama hicho. Lakini baa haiwezi kuturudishia mlango peke yake. Mteja akizoea bure, mwenye baa anayetoza ataonekana mchoyo.

Kwa hiyo tupige hesabu pamoja. Watu 150 wakilipa shilingi 5,000 kila mmoja ni shilingi 750,000. Toa kukodi vyombo, toa usafiri wa kuvibeba, toa chakula cha mafundi mitambo. Gawa kinachobaki kwa watu 12. Ni fedha ya kawaida sana kwa mtu aliyefanya mazoezi wiki nzima na kusimama jukwaani saa tano. Ondoa gharama ya kukodi, kwa sababu vyombo ni vya chama, na ghafla hesabu inaanza kumlisha mtu. Kwa mkaaji wa mezani, hiyo 5,000 mara nyingi haizidi bei ya chupa mbili tatu za bia. Naomba tuitoe bila kunung'unika na bila kuomba kuingizwa bure kwa sababu tunamfahamu mpiga besi. Tukimfahamu mpiga besi, ndiyo sababu zaidi ya kulipa. Na mwimbaji akikugusa, inuka ukamtunze, kama tulivyofundishwa na mama zetu kwenye taarabu.

Kuhusu vyombo, hatuna haja ya kubuni mfumo mpya. Mitaa yetu imejaa vikoba. Tunajua kukutana kila wiki, kuandika daftari, kufunga sanduku kwa kufuli zaidi ya moja. Watu 40 wakichanga shilingi 10,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni shilingi 4,800,000. Haitoshi kuunda orkesta, inatosha kuanzia: gitaa, besi, amplifaya, drams zilizotumika, maiki na nyaya za kuaminika. Chama kisajiliwe na kila chombo kiandikwe kwa namba. Vyombo vikae mahali pasipokuwa nyumbani kwa mwenyekiti, maana ndoa nyingi za muziki katika nchi hii zimevunjika pale mwenye nyumba alipojiona mwenye vyombo. Kwa mazoezi tuombe madarasa ya shule Jumamosi mchana, au ukumbi wa kata, na tulipe umeme tunaoutumia.

Wapigaji tunao, na hili halisemwi vya kutosha. Makanisa ya mji huu yamefundisha vijana wengi sana kupiga kinanda, besi na drams. Wapo wapiga matarumbeta wa harusini wanaoweza kukushikia sauti tatu bila karatasi. Wapo vijana wa singeli wenye mwendo wa ngoma ambao mpiga tumba mzuri akiusikia anautamani. Na wapo wazee waliopiga kwenye bendi zile kubwa, ambao tungewaomba saa mbili kwa wiki wakae na vijana, kwa malipo na kwa heshima. Remmy Ongala alituondoka mwaka 2010, Muhidin Gurumo mwaka 2014, Shaaban Dede mwaka 2017, King Kikii mwaka 2024. Kila mara simu zetu zilijaa picha na nyimbo zao. Tunachanga rambirambi haraka kuliko tunavyolipa kiingilio, na hilo linaniuma.

Jirani anayelalamikia kelele tusimgeuze adui. Ana mtoto wa shule na kazi ya alfajiri. Jibu letu liwe saa: tuanze saa 11 jioni, tumalize saa 4 usiku. Baa nyingi hazitaki kusikia hivyo, lakini tazameni nani ataweza kuja muziki ukianza mapema: mama anayetaka kurudi na daladala, mzee asiyependa usiku mkubwa, mfanyakazi wa Jumatatu, binti ambaye kwao hawamruhusu kutoka saa 6 usiku. Watu hao wote tuliwafukuza kwa ratiba, kisha tukasema hawapendi dansi.

Nasi wapigaji tuna deni letu. Tuliloliandika kwenye tangazo kuwa saa 11 liwe saa 11, si saa 1 na nusu huku fundi akihesabu moja-mbili kwenye maiki. Na tutunge. Tunawapenda Mbaraka na Marijani Rajabu, ila ukumbi hauwezi kulipia kopi za nyimbo zao mwaka mzima. Wakubwa wale walitunga kuhusu wapangaji, wake wenza, mshahara na safari za mjini kwa sababu hayo ndiyo waliyoishi. Sisi tuna mikopo ya kausha damu, foleni ya mwendokasi, bodaboda aliyevunjika mguu na familia inayogombana kwenye kundi la WhatsApp. Hadithi zipo mlangoni, zinangoja mtu wa kuzitia kwenye ubeti.

Walimu wa shule, viongozi wa serikali za mitaa, wenye kumbi, mashabiki wa Msondo na wa Sikinde mliokuwa mkibishana hadi asubuhi: kila mmoja wenu ana kitu cha kuleta, hata kama ni funguo za darasa au turubai la kukinga mvua. Itisheni kikao mtaani kwenu kabla mwezi huu haujaisha, mchague mweka hazina kabla ya mwimbaji, na mfungue daftari siku hiyo hiyo. Kwetu daftari limeshafunguliwa, na tumekubaliana kwamba cha kwanza kununuliwa ni amplifaya ya besi.