Mwalimu kapewa kishikwambi, lengo kapewa na nani?

Wadau, leo tuongee habari ya vishikwambi. Vile vya Sensa ya Agosti 2022, ambavyo baadaye vilielekezwa kwa walimu. Wengi tulishangilia. Mimi nina swali moja tu: kifaa kimefika, lengo liko wapi?

Chukua andalio la somo. Kwenye zana mwalimu anaandika "kishikwambi", mthibiti ubora anaridhika, basi. Darasani wanafunzi wananakili notisi ubaoni kama zamani. Kilichobadilika ni kwamba mwalimu anazitoa kwenye kioo badala ya kitabu. Jamani, hiyo ndiyo teknolojia?

Sisi wa Tabora tunajua sana habari ya vitu vinavyopita. Karne ya 19 misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapa Unyanyembe: pembe za ndovu zinashuka pwani, vitambaa na shanga vinapanda bara. Reli nayo ikatufikia 1912, ikaendelea zake hadi Kigoma 1914. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi hakuwa mjinga. Kabla ya kujitwika alitaka kujua uzito wa mzigo, ujira wake na safari inaishia wapi. Mwalimu wa leo naye ana haki ya kuuliza hivyo hivyo.

Kwa maoni yangu malengo yatosha matatu, na yote yanapimika.

Kwanza, mwanafunzi ajue kutafuta. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Pale kitabu kimoja kinapogombewa na dawati zima, tuanzie hapo.

Pili, ajue kuhakiki. Asome mtandaoni habari za Livingstone, kisha aende Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa yeye na Stanley mwaka 1872. Alinganishe. Aulize pia: mbona majina ya wapagazi hatuyasikii?

Tatu, ajue kutengeneza. Amrekodi bibi yake akisimulia kwa Kinyamwezi, aandike kwa Kiswahili, awasomee wenzake.

Najua mtaniambia: umeme je? Bando analipa nani? Ni hoja nzito. Mwalimu kulipia bando la kazi kwa mshahara wake si haki, na mwajiri anapaswa kulibeba hilo. Lakini kurekodi sauti hakuhitaji bando. Lengo la tatu linaweza kuanza Jumatatu.

Nyerere alifundisha St. Mary's hapa hapa Tabora, 1946 hadi 1949, bila kioo chochote. Sisemi turudi kwenye chaki tupu. Nasema lengo litangulie, zana ifuate. Tukigeuza, tutakuwa tunabeba mzigo wa watu bila kujua unakwenda wapi.

Walimu wa Nzega, Urambo, Sikonge, mwasemaje? Kwenye andalio la wiki hii, kishikwambi chako kina kazi gani?